Sweta la Baba Linafumuliwa

Mama alianzia shingoni.
"Nguo hufumuliwa pale ilipomalizikia," akasema,
akauma fundo kwa meno, akavuta,
na safu ya kwanza ikatoa mlio mdogo
kama mtu anayechana karatasi chumba cha pili.

Nje, Sandoy, mvua ilinyesha ubavu ubavu;
mvua ya kwetu haianguki, hupita ikielekea Norwei.
Kondoo walijibanza nyuma ya ukuta wa mawe
wakitafuna, wakitutazama dirishani
kama wadai waliokuja mapema.

Nilishika kiti, yeye akauzungusha uzi mgongoni mwake.
Mzunguko mmoja. Wa pili.
Baba akaanza kupungua mabega.

Sweta hilo nalijua. Kahawia yake
si ya dukani, ni ukoga wa mwamba
tulioukwangua kwa vijiko, mimi na Bárður,
Jumapili baada ya Jumapili, magoti yamelowa,
Mama akitukataza kulimaliza jiwe lolote:
"Bakizeni. Jiwe nalo linasikia baridi."
Na zambarau ya kifuani, msiniulize.
Haya, niulizeni: palikuwa na ndoo nyuma ya mlango,
na kila mtu wa nyumba ile aliichangia asubuhi,
hata mgeni aliombwa, kwa adabu.
Shuleni walituita watoto wa ndoo.
Rangi ile haijapauka mpaka leo.

Alikuwa akifuma huku anatembea.
Donge mfukoni mwa aproni, sindano mbele, macho mlimani.
Kutoka langoni hadi rundo la mawe la kwanza: safu nne.
Hadi kijito: nusu ya mkono, kama hakuna upepo.
Baba alitangulia na mbwa, akipiga mluzi,
sisi nyuma na chai na viazi vya kuchemsha,
na ungemuuliza Mama mlima ule una urefu gani
angekujibu kwa vitanzi.

Chini ya kwapa la kushoto, akasita.
Kitanzi kimoja kimegeuka, kinatazama ndani.
"Ukungu," akasema.

Ulishuka kama mfuniko, siku ile.
Bárður, miaka sita, hakuonekana.
Baba aliita mpaka sauti ikawa ya mtu mwingine.
Tulimkuta amelala katikati ya kondoo,
ana joto, amenuna kwa kuamshwa.
Muda wote huo Mama hakuacha kufuma.
Nilimchukia kwa hilo, miaka,
kimya kimya, nikimpokea sahani mezani.

Sasa nikaviona: kile kilichogeuka,
na kinachofuata, na kinachofuata, kumi na saba,
vimekazwa hata sindano isingepenya.
Vingine vyote viliteleza vikatoka.
Hivi ilibidi avibembeleze kwa ukucha.

Jioni, kiti kilikuwa kimevaa uzi wote.
Uzi wa kufumuliwa haunyooki; una mawimbi,
kila kitanzi kimeacha kiwiko chake.
Desturi ni kuuosha, kuuning'iniza
na jiwe chini yake, mpaka usahau.
Nikaandaa beseni. Mama akayamwaga maji.
"Litakuwa sweta baya," akasema. "Basi."

Ni baya.
Mikono hailingani; mmoja niliufuma mimi,
na mkono wangu ni wa jembe na viazi.
Lakini Eyðun, mtoto wa Bárður, hulivaa
kila Oktoba tukikusanya kondoo,
na likilowa linatoa tumbaku na mbwa
aliyekufa kabla kijana huyo hajazaliwa.

Jana alishuka peke yake mlimani,
ukosi umefumuka, uzi unaburuta nyuma
na kondoo jike mmoja anautafuna akimfuata.
Mama, ambaye siku hizi haoni mbali, alikuwa mlangoni.
"Nani huyo anayeshuka?"
Hatukumjibu upesi, mimi wala kaka yangu.
Akageuza kichwa kidogo, kusikiliza mluzi.
"Mleteni hapa," akasema. "Na ile sindano ndogo."